Upasuaji wa moyo: Namna ya kupunguza damu inayopotea, na kazi inayoanzia zahanati ya karibu

Familia inapopewa barua ya rufaa kwamba mmoja wao anahitaji upasuaji wa moyo, maswali huwa matatu: pesa zitatoka wapi, kitanda kitapatikana lini, na damu itachangwa na nani. Swali la pesa huitiwa harambee na kufuatiliwa katika ofisi ya SHA. La kitanda huachiwa hospitali. La damu ndilo huwatia watu hofu. Ujumbe hutumwa katika vikundi vya WhatsApp, tangazo husomwa kanisani au msikitini, na vijana wa kijiji hupanda matatu alfajiri kwenda mjini kutoa damu. Wakati mwingine hufaulu. Wakati mwingine damu ya kundi linalotakiwa hukosekana na upasuaji ukaahirishwa, huku mgonjwa amekwisha kulazwa na jamaa wamekwisha kulipa nauli na malazi.

Jambo ambalo wengi hawaambiwi ni kwamba kiasi cha damu kitakachohitajika hakitegemei bahati pekee. Kwa zaidi ya miaka 60, madaktari wa moyo wamekuwa wakitafuta njia za kuifanya damu ya mgonjwa ibaki mwilini mwake, na njia hizo zipo. Nyingine zinahitaji mashine za bei ghali. Lakini ile ambayo wakazi wa kaunti wanaweza kuianza wenyewe, tena kwa gharama ndogo, ni kumpeleka mgonjwa kwenye upasuaji akiwa na damu ya kutosha mwilini. Hiyo hufanywa katika zahanati au kituo cha afya, wiki kadhaa kabla ya safari.

Wanaopewa rufaa ya namna hii ni wa aina tatu hasa. Kuna watoto waliozaliwa na tundu moyoni. Kuna watu wazima ambao mishipa inayoulisha moyo damu imeziba. Na kuna vijana, wengi wao wasichana na kina mama wa umri wa kuzaa, ambao vali za moyo zimeharibiwa na homa ya baridi yabisi. Ugonjwa huu wa tatu huanza na kidonda cha koo utotoni, cha aina inayosababishwa na bakteria. Kisipotibiwa kwa penisilini, mwili unaweza kugeuka na kushambulia vali za moyo wenyewe, na miaka baadaye mtu anaanza kuhema akipanda kilima alichokuwa akikipanda bila shida. Vali ikishaharibika sana, dawa huwa ni za kutuliza tu. Vali hurekebishwa au kubadilishwa katika hospitali chache nchini, zikiwemo Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta na Mater jijini Nairobi, Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi mjini Eldoret, na Tenwek katika Kaunti ya Bomet.

Kwa nini upasuaji huu hutumia damu nyingi

Mtu mzima ana takriban lita tano za damu mwilini. Mtoto wa kilo 20 ana kama lita moja na nusu tu, kwa hivyo kikombe kimoja cha damu kikipotea kwa mtoto si sawa na kikombe kwa baba yake.

Ili daktari aweze kufungua moyo na kushona vali, ni lazima moyo usimame. Damu huelekezwa nje ya mwili kupitia mipira, ikaingia katika mashine inayofanya kazi ya moyo na mapafu, ikatiwa oksijeni na kurudishwa mwilini. Mashine ya namna hii ilitumiwa kwa mafanikio kwa mara ya kwanza na daktari John Gibbon huko Philadelphia, Marekani, mwezi Mei 1953. Bila hiyo, upasuaji mwingi wa ndani ya moyo usingewezekana. Lakini ina gharama yake kwa damu.

Kwanza, damu ikigusa plastiki huanza kuganda. Ili isigande ndani ya mashine, mgonjwa hupewa dawa iitwayo heparini kwa kipimo kikubwa, na kwa muda huo karibu uwezo wote wa damu yake kuganda huzimwa. Kila palipokatwa, kuanzia ngozi hadi mfupa wa kifua, panaweza kuvuja. Pili, mipira ya mashine haiwezi kuanza ikiwa na hewa. Hujazwa maji ya dawa, mara nyingi lita moja au zaidi kwa mtu mzima, na maji hayo huchanganyika na damu na kuifanya nyepesi, kama uji ulioongezwa maji. Tatu, safari ya kuzunguka katika mipira na pampu huchosha chembe sahani, zile chembe ndogo ambazo kazi yake ni kuziba jeraha. Nne, mwili mara nyingi hupozwa wakati wa upasuaji, na damu baridi haigandi vizuri.

Moyo ukishawashwa tena, mgonjwa hupewa dawa nyingine, protamini, ya kuondoa nguvu za heparini. Hata hivyo chembe zilizochoka hazirudi katika hali yake mara moja. Ndiyo maana saa za kwanza baada ya upasuaji ndizo za kuangaliwa sana. Na anayefanyiwa upasuaji wa moyo kwa mara ya pili huwa katika hatari zaidi, kwa sababu makovu ya kwanza yameshikamana na mfupa na moyo, na kuyatenganisha huleta damu.

Damu ya kuongezewa huokoa maisha, na hakuna daktari anayeidharau. Hata hivyo, si sawa na maji ya chumvi yanayowekwa kwa dripu. Hapa nchini kila painti hupimwa Virusi vya Ukimwi, hepatitisi B na C, pamoja na kaswende, na upimaji huo umeondoa sehemu kubwa ya hatari. Kinachobaki ni mengine: mwili kuikataa damu, homa, mapafu kujaa maji hasa kwa mgonjwa ambaye moyo wake tayari ni dhaifu, na kinga ya mwili kuzoea kupigana na damu ya watu wengine, jambo linaloweza kumsumbua mwanamke atakapopata mimba baadaye. Tena kuna suala la kiasi kilichopo. Shirika la Afya Duniani hutumia kipimo cha painti 10 kwa kila watu 1,000 kama akiba ya chini kwa nchi. Kwa idadi ya watu milioni 47.6 waliohesabiwa nchini mwaka 2019, hiyo ni karibu painti 476,000 kila mwaka. Painti ambayo mgonjwa wa moyo hakuihitaji inabaki kwa mama anayevuja damu baada ya kujifungua au kijana aliyegongwa na bodaboda.

Wiki za kabla ya safari

Hapa ndipo pengo kubwa lilipo. Mgonjwa anayeingia chumba cha upasuaji akiwa na upungufu wa damu karibu hana nafasi ya kuepuka kuongezewa. Akiwa na hemoglobini ya gramu 9, kisha maji ya mashine yakaifanya damu yake kuwa nyepesi, atashuka chini ya kiwango cha hatari hata kabla ya tone kupotea. Mwenzake aliyeingia na gramu 13 anaweza kupitia upasuaji uleule na asihitaji hata painti moja.

Kwa mwanaume mtu mzima, hemoglobini ikiwa chini ya gramu 13 kwa desilita huhesabiwa kuwa upungufu. Kwa mwanamke asiye mjamzito, ni chini ya 12. Kipimo hiki, ambacho wengi hukijua kama "HB", hupatikana katika vituo vingi vya afya, na ni tone la damu tu. Mgonjwa aliyepewa rufaa ya moyo anafaa kukiomba siku ileile anapopata barua, asingoje afike Nairobi au Eldoret. Akifika huko na kukutwa na upungufu, kuna mambo mawili yanayoweza kutokea: aahirishwe arudi nyumbani, au apasuliwe kwa kutegemea damu ya watu.

Kisha sababu itafutwe. Upungufu wa madini ya chuma ndio wa kawaida zaidi, lakini chuma hakipungui bila njia. Kwa msichana au mama, swali la kwanza ni hedhi. Wengi huona aibu kusema kwamba hutokwa na damu nyingi au kwa siku nyingi, na muuguzi asipouliza, haliandikwi popote. Kwa mtoto, na kwa yeyote anayelima bila viatu, ni minyoo ya safura, ambayo hunyonya damu katika utumbo kimyakimya. Malaria nayo huvunja chembe nyekundu. Kwa mtu mzima mwenye umri mkubwa anayemeza dawa za maumivu kila siku, huenda kuna kidonda tumboni kinachovuja. Na katika maeneo ya Magharibi, Nyanza na Pwani, ambako selimundu hupatikana zaidi, ni muhimu kujua kabla kama mgonjwa anayo, kwa sababu baridi na ukosefu wa oksijeni wakati wa upasuaji vinaweza kufanya chembe zake zijikunje na kuziba mishipa. Timu ya upasuaji ikijua mapema hubadilisha mipango.

Tembe za chuma husaidia, ila zinahitaji wiki kadhaa, na zinahitaji kumezwa vizuri. Chai ni adui wake mkubwa. Kenya ni nchi ya chai, na si rahisi kumwambia mtu aiache, lakini kikombe cha chai au kahawa kinachonywewa pamoja na tembe ya chuma, au pamoja na chakula, huzuia sehemu kubwa ya madini hayo yasiingie mwilini. Chai inyweke saa moja au mbili baadaye. Tembe imezwe kwa maji, au kwa maji ya chungwa au limau, ambayo husaidia mwili kuchukua chuma. Choo kitageuka cheusi. Hiyo ni kawaida ya dawa. Tumbo likisumbua, mgonjwa arudi kwa mhudumu badala ya kuziacha, kwa kuwa namna ya kuzimeza inaweza kubadilishwa. Tembe hizi zihifadhiwe mbali na watoto: rangi yake huwavutia, na mtoto akimeza nyingi anaweza kufa.

Chakula kinasaidia pia, kikipewa muda. Maini, nyama, omena na dagaa hutoa chuma ambacho mwili hukichukua kwa urahisi kuliko kile cha mboga. Ndengu, maharagwe, mchicha na terere zina chuma pia, na zikiliwa na nyanya mbichi, chungwa au pilipili hoho faida huongezeka. Imani kwamba soda nyekundu au maji ya bitiruti huongeza damu kwa siku moja haina msingi. Rangi si chuma.

Muda ukiwa mfupi, au tembe zisipofaa, daktari anaweza kuamua kutoa chuma kwa dripu. Huduma hii hutolewa katika hospitali kubwa, chini ya uangalizi, na inafaa iulizwe mapema. Mgonjwa ambaye moyo wake umechoka hapaswi kujitafutia sindano katika duka la dawa.

Dawa nazo zina nafasi yake. Watu wengi wa moyo humeza dawa za kuzuia damu kuganda, na hizi zinaweza kuongeza uvujaji siku ya upasuaji. Wafarini kwa kawaida husimamishwa takriban siku tano kabla, na klopidogreli vivyo hivyo, huku aspirini mara nyingi ikiendelea. Tahadhari ni hii: anayeamua ni daktari wa moyo, kwa maandishi na kwa tarehe. Mgonjwa mwenye vali ya chuma akiacha wafarini kwa sababu jirani alimwambia itamvujisha damu, bonge linaweza kujitengeneza juu ya vali na kumletea kiharusi hata kabla hajafika hospitalini. Hatari ya kuiacha ovyo ni kubwa kama hatari ya kuimeza ovyo.

Dawa za maumivu zinazonunuliwa bila karatasi, kama diklofenaki na ibuprofeni, hudhoofisha chembe sahani na kudhuru figo. Nazo zitajwe. Vilevile dawa za mitishamba, na vidonge vya kitunguu saumu au tangawizi vinavyouzwa kama virutubisho. Mgonjwa hana haja ya kuogopa kukemewa. Njia nyepesi ni kubeba kila anachomeza katika mfuko mmoja, pamoja na chupa ya mganga, na kuuweka mezani mbele ya daktari.

Ndani ya chumba cha upasuaji

Dawa iliyoleta tofauti kubwa zaidi kwa gharama ndogo inaitwa asidi ya traneksamiki. Haigandishi damu. Inachofanya ni kuzuia bonge lililokwisha kujitengeneza lisiyeyuke mapema, kama anayeshikilia tofali hadi saruji ikauke. Iligunduliwa Japani katika miaka ya 1960 na mtafiti Utako Okamoto akishirikiana na mumewe Shosuke. Wakunga wa kaunti wanaijua, kwa kuwa hutumika pia kwa kina mama wanaovuja damu baada ya kujifungua.

Kwa upasuaji wa moyo, utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulihusisha wagonjwa 4,631 waliokuwa wakifanyiwa upasuaji wa mishipa ya moyo. Nusu walipewa dawa hiyo, nusu hawakupewa. Waliopewa walitumia jumla ya painti na pakiti 4,331 za damu na mazao yake. Wasiopewa walitumia 7,994. Waliolazimika kurudishwa chumba cha upasuaji kwa sababu ya kuvuja walikuwa asilimia 1.4 dhidi ya 2.8. Dawa hiyo ina upande wake wa pili: degedege lilionekana kwa asilimia 0.7 ya waliopewa, dhidi ya 0.1 ya wasiopewa, na kwa hiyo kipimo chake huangaliwa, hasa kwa mwenye figo dhaifu.

Si kila dawa ya kuzuia uvujaji iliyosifiwa ilidumu. Aprotinini ilitumika kwa miaka mingi, na kweli ilipunguza damu, lakini utafiti mkubwa nchini Kanada ulionyesha kwamba waliopewa walikufa kwa wingi zaidi kuliko waliopewa dawa za aina ya traneksamiki. Mwishoni mwa mwaka 2007 iliondolewa sokoni katika nchi nyingi. Kuokoa damu si lengo lenyewe. Lengo ni mgonjwa arudi nyumbani.

Mashine nayo inaweza kutunzwa isiimalize damu. Mipira ikifupishwa na chombo cha kutia oksijeni kikachaguliwa kulingana na uzito wa mgonjwa, maji yanayohitajika kuijaza hupungua. Kwa mtoto, hili ndilo jambo la kwanza kupangwa. Timu nyingine huiacha damu ya mgonjwa mwenyewe isukume maji hayo nje ya mipira kabla mashine haijaanza kazi, ili kisichanganyike kingi. Mwishoni, damu iliyobaki ndani ya mashine hairushwi, hurudishwa mwilini.

Damu inayomwagika kifuani pia huweza kuokotwa. Hunyonywa na kuingizwa katika mashine inayoizungusha kwa kasi na kuiosha, kisha chembe nyekundu safi hurudishwa kwa mwenyewe. Kasoro yake ni kwamba chembe sahani na maji ya damu yenye vigandishi hupotea katika kuosha, kwa hivyo haitoshi peke yake pale uvujaji unapokuwa mkubwa sana. Vifaa vyake vya kutumia mara moja navyo vina bei, na si kila hospitali huviweka.

Mengine hayana bei kabisa. Daktari asiye na haraka ya kufunga kifua, anayetafuta kila mshipa unaotiririka na kuuziba, huokoa painti ambazo hakuna dawa ingeziokoa. Mgonjwa hupashwa joto kabla ya kuondolewa kwenye mashine. Heparini hupimwa kila mara badala ya kukisiwa, na protamini hutolewa kwa kipimo, kwa sababu ikizidi nayo huzuia damu kuganda. Palipo na kifaa cha kupima jinsi damu inavyoganda papo hapo, daktari hujua kinachokosekana ni nini, chembe sahani au vigandishi, na kutoa hicho tu badala ya kumimina kila kitu.

Damu ishuke hadi wapi ndipo iongezwe?

Kwa miaka mingi, desturi ilikuwa kumrudisha mgonjwa wa moyo kwenye hemoglobini ya gramu 10, kwa hoja kwamba moyo mgonjwa unahitaji oksijeni zaidi. Hoja hiyo ilionekana ya busara, na painti nyingi zilitumika kwa ajili yake. Mwaka 2017 matokeo ya utafiti wa nchi 19, uliohusisha zaidi ya wagonjwa 5,000 wa upasuaji wa moyo, yalionyesha kwamba kungoja hadi hemoglobini ishuke chini ya 7.5 hakukuleta madhara zaidi ya kuongeza damu ilipofika chini ya 9.5. Waliongojewa, asilimia 52 waliongezewa damu; wenzao, asilimia 73.

Si tafiti zote zilizonyoosha mambo hivyo. Ule wa Uingereza wa mwaka 2015, wa wagonjwa 2,007, haukuona tofauti katika jambo kuu uliloangalia, yaani maambukizi makali na madhara ya kukosa oksijeni, ila vifo vilikuwa vingi kidogo katika kundi lililongojewa zaidi. Kwa hiyo namba peke yake haitoshi. Daktari huangalia pia kama mgonjwa anahema, mapigo yake, mkojo wake na kiasi anachovuja, na pale ambapo hali si ya dharura huongeza painti moja, kisha hupima tena kabla ya kutoa ya pili. Jamaa wanaoona mgonjwa wao amepauka na hajaongezewa damu wasidhani amepuuzwa. Wana haki ya kuuliza kiwango chake ni ngapi na kwa nini inangojwa.

Waliowafundisha madaktari mengi kuhusu hili ni Mashahidi wa Yehova, ambao kwa imani yao hawakubali kuongezewa damu. Daktari Denton Cooley wa Houston, Marekani, alianza kuwafanyia upasuaji wa moyo mapema katika miaka ya 1960, na mwaka 1977 yeye na mwenzake walichapisha taarifa ya upasuaji 542 uliofanywa bila kuongeza damu. Si wote waliopona, na upungufu wa damu ulichangia baadhi ya vifo. Lakini taarifa hiyo iliwalazimu wengine kujiuliza ni painti ngapi walizokuwa wakitoa kwa mazoea tu. Mgonjwa wa kaunti mwenye msimamo kama huo anafaa kuusema siku ya kwanza ya kliniki, na kuuweka kwa maandishi, ili maandalizi ya damu yake mwenyewe yaanze mapema zaidi kuliko ya wengine.

Baada ya upasuaji, mgonjwa hukaa ICU akiwa na mirija inayotoa damu kifuani. Wauguzi huandika kila saa kiasi kilichotoka. Kikizidi, hurudishwa kupasuliwa bila kuchelewa, kwa kuwa kungoja huku damu ikiongezwa upande mmoja na kutoka upande mwingine ndiko humaliza akiba. Kuna uvujaji mwingine usioonekana: damu inayotolewa kwa vipimo, mara kadhaa kwa siku. Utafiti uliofanywa katika ICU 25 za Kanada na kuchapishwa mwaka 2023 uligundua kwamba kutumia chupa ndogo za kuchukulia damu, badala ya zile za kawaida, kunaweza kupunguza painti zinazohitajika bila kuharibu vipimo.

Je, jamaa bado watoe damu?

Ndiyo. Hata hospitali iliyofanya yote haya haitampasua mtu kifua bila damu iliyo tayari katika jokofu, kwa sababu hakuna anayejua ni nani atakayevuja. Kinachobadilika ni namna. Damu inayotolewa na ndugu haiendi moja kwa moja kwa mgonjwa wake. Hupelekwa kupimwa na kuhifadhiwa, na mgonjwa hupewa inayolingana na kundi lake. Chembe nyekundu hukaa wiki tano hadi sita, kutegemea dawa ya kuhifadhia, ila chembe sahani hukaa siku tano hivi. Wote wakienda siku moja, akiba hiyo huisha pamoja. Familia yenye wachangiaji kumi ingefanya vyema kuwagawa, wengine kabla na wengine wiki ya upasuaji, kama hospitali itakavyoelekeza.

Mchangiaji awe na umri wa miaka 16 hadi 65, uzito usiopungua kilo 50, na afya njema. Mwanaume anaweza kurudia baada ya miezi mitatu, mwanamke baada ya minne. Damu huchangwa kwa hiari na bila malipo, na yeyote anayemwambia mgonjwa alipe "bei ya damu" kandokando anafaa kuripotiwa kwa msimamizi wa hospitali.

Mgonjwa akirudi nyumbani bado atakuwa na damu pungufu kwa wiki kadhaa, na hilo hutarajiwa. Ataendelea na tembe za chuma kama alivyoandikiwa na kupimwa HB katika kituo cha karibu, na majibu ayabebe anaporudi kliniki ya moyo. Aliyewekewa vali ya chuma atameza wafarini maisha yake yote na kupimwa mara kwa mara jinsi damu yake inavyoganda. Kinyesi cheusi kama lami kwa asiyemeza chuma, mkojo mwekundu, ufizi unaovuja bila kukoma, hedhi iliyozidi ghafla au kuumwa sana na kichwa baada ya kuanguka ni sababu ya kwenda hospitali siku hiyohiyo. Mwanamke anayemeza wafarini na anayetaka kupata mtoto amwone daktari kabla ya kushika mimba, kwa kuwa dawa hiyo inaweza kumdhuru mtoto tumboni na hubidi mpango ubadilishwe. Aliyeugua homa ya baridi yabisi anaendelea kudungwa penisilini kila wiki tatu au nne hata baada ya vali kurekebishwa, kwa muda atakaoelezwa na daktari, na tarehe ya sindano inayofuata huandikwa katika kadi yake.